Kapteni Vumbi na Ngamia wa Nundu Mbili

Enzi zetu, komiki haikufungiwa ndani ya plastiki. Naam, nimesema enzi zetu, na najua mama yangu akisikia atacheka mpaka mtandio uanguke, maana kwake yeye mtu aliyezaliwa juzi hana enzi. Lakini sisi tuliokuwa shule ya msingi hapa Isiolo wakati kaunti ilipokuja tuna enzi zetu, na nitazitetea mbele ya mtu yeyote. Anayebisha aje darasani kwangu awaulize hao watoto wa gredi ya tatu ninaowafundisha kama wanajua kupima mgongo wa komiki kwa kidole gumba. Watamtazama tu, wakitafuta pahali pa kubonyeza.

Mnakumbuka, wenzangu? Kaunti ilikuwa mpya hata wakubwa wenyewe hawakujua inaliwa na nini. Kila kitu kikawa cha kaunti. Mtaro ukichimbwa, wa kaunti. Taa ikiwaka barabarani, ya kaunti. Mbwa asiye na mwenyewe pale sokoni tulimwita mbwa wa kaunti, na alinenepa kuliko mbwa wote. Kitu ambacho hakikubadilika ni upepo. Saa za mchana ulishuka ukabeba mchanga wote wa mtaa wetu wa Kiwanjani ukaumwaga ndani ya chai yetu, ndani ya anjera, ndani ya macho, na mama zetu walikimbia kufunika sufuria wakilaani kwa Kiborana maneno ambayo hatukuruhusiwa kuyarudia. Tulicheza kati kwa mpira na bladda kwa kamba ndani ya vumbi hilo, tukarudi nyumbani tukiwa rangi moja sote, Mborana, Mturkana, Mmeru na Msomali, na mama akakuogesha kwanza ndipo ajue kama ni mtoto wake.

Kwa hivyo ilipofika komiki ambayo shujaa wake anatoka ndani ya vumbi, hatukuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ilikuwa yetu.

Ililetwa na Mama Kendi, mama mmoja Mmeru aliyekuwa na kibanda karibu na stage, akiuza magazeti yaliyofika yamechelewa, karatasi za mitihani ya marudio, kredito, na njugu karanga. Komiki alizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikipeperuka kama soksi. Jalada lilikuwa jekundu na juu yake limeandikwa Kapteni Vumbi. Alikuwa mchimba visima aliyefukiwa na dhoruba, akatoka akiwa na uwezo wa kugeuka vumbi wakati wowote, na kazi yake ilikuwa kuwakomesha wezi wa visima. Iliandikwa kwa Kiswahili chenye Sheng kidogo na kuchorwa na kijana fulani wa Nairobi, na wallahi sijasoma kitu kitamu hivyo mpaka leo, pamoja na hivyo vitabu vinene vya chuoni.

Ndugu yangu Guyo ndiye aliyeinunua ya kwanza mtaani kwetu. Guyo alikuwa darasa la saba na mimi la nne, na kusema kweli mimi nilikuwa sijajua kusoma sawasawa. Nilikuwa nakokota neno kama punda anayevuta mkokoteni wa maji. Guyo akaniketisha kwenye kivuli cha tangi la maji, akafungua Kapteni Vumbi, akagawa kazi. Yeye Kapteni na wezi. Mimi wanawake wote, watoto, na ngamia wa Kapteni, ambaye aliitwa Radi na aliongea anapokasirika. Kila nilipokwama alinipiga kisogoni kidogo kwa kidole na kuniambia, "Tala, usisome kama mtu anayehesabu mbuzi. Soma kama unaongea." Jina langu ni Talaso, lakini yeye hajawahi kulimaliza. Hayo maneno yake nayatumia darasani kila siku ya Mungu, na watoto wanadhani niliyapata chuo cha ualimu.

Sasa niwakumbushe soko letu, maana hawa vijana wa siku hizi wanafikiri biashara ya komiki imeanza na wao. Jumamosi asubuhi, nyuma ya posho mill ya Kiwanjani, pale wanaposaga unga, tulikutana na komiki zetu ndani ya sweta. Baba yetu alikuwa broka wa ngamia kwenye soko la mifugo, na wengi wetu tulikuwa watoto wa mabroka, wafugaji na wachinjaji, kwa hivyo tulinunua komiki jinsi mnyama anavyonunuliwa. Kwanza mgongo. Unapitisha kidole gumba taratibu, kila mkunjo unaupunguzia bei. Halafu pini, kama zina kutu. Halafu pembe za jalada, halafu unainusa, maana komiki iliyokaa jikoni haiwezi kujificha. Ile ambayo haijakunjwa tuliiita mtamba. Iliyopita mikono mingi ilikuwa mama wa watoto. Isiyokuwa na jalada ilikuwa ya kuchinja, na hiyo ungeipata kwa mandazi nusu.

Na bei haikutajwa kwa mdomo hata siku moja! Mabroka wa ngamia hushikana mikono, wakaifunika kwa shuka, na vidole vikaongea huko ndani, hii ni mia ngapi, hiyo ni elfu ngapi, huku wenyewe wanatazama mbinguni kama hawahusiki. Sisi hatukuwa na shuka, tukatumia sweta za shule. Ungeona watoto wawili wameingiza mikono ndani ya sweta moja, nyuso zimekauka, na wengine wamewazunguka kimya. Guyo alikuwa hatari. Angekubana kidole mpaka ukubali tu upate mkono wako. Mara moja Mwenda, rafiki yetu aliyekaa karibu na uwanja wa ndege, alitoka kwenye sweta akilia na bado akasema amepata bei nzuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja kwenye komiki ile ambalo lilitukera wote, na ndilo lililoniletea haya yote. Radi, ngamia wa Kapteni Vumbi, alikuwa na nundu mbili.

Mbili! Kwa watu wa Isiolo! Mchoraji alikuwa mtu wa Nairobi, pengine ngamia alimwona kwenye pakiti ya kitu fulani. Siku ya kwanza tulifikiri ni kosa la ukurasa mmoja, lakini kila ukurasa Radi alikuja na nundu zake mbili, na Kapteni ameketi katikati kama mtu aliyeingia kwenye tandiko la mtoto. Guyo alimwonyesha Baba. Baba akaichukua komiki, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza juu chini. "Hawa ni ngamia wawili wamegongana," akasema. "Na mzigo anabebea wapi?" Akaturudishia kama mtu aliyeshikishwa kitu cha haramu. Mwalimu wetu wa sayansi alijaribu kutuambia kwamba ngamia wa namna hiyo wapo kweli, huko nchi za baridi. Tulimheshimu sana mwalimu yule, kwa hivyo hatukumjibu. Tulimhurumia tu.

Inaonekana kelele ilifika Nairobi, sijui kutoka kwetu au Marsabit au Garissa, maana baada ya muda Mama Kendi alitundika Kapteni Vumbi mpya. Hadithi ile ile, jalada lile lile, lakini ndani Radi ana nundu moja, nzuri, ya mafuta, mahali pake. Chapa ya pili. Wee! Mji mzima ulitaka hiyo. Mama Kendi akatoa ofa, umletee mbili za zamani na kitu kidogo juu, akupe moja mpya. Tukamkimbilia. Zile za nundu mbili alizichana akafungia njugu, na sisi tukazinunua hizo njugu, tukatafuna huku tunamtupa Radi wa uongo kwenye upepo. Hakuna mtoto hata mmoja aliyesikitika. Tulikuwa tunajua ngamia, na tulijua thamani, na hatukuwa na shaka yoyote.

Guyo ya kwake hakuipeleka. Si kwa sababu alikuwa na akili ya kuona mbele, hapana. Alikuwa ameshampora Mwenda nakala moja ya chapa ya pili ndani ya sweta, kwa hivyo hakuona haja. Basi nyumba yetu ikawa na zote mbili, wa kweli na wa uongo, zikilala pamoja chini ya godoro.

Halafu mvua ikakataa. Wale mnaokumbuka ule mwaka hamhitaji niwaeleze. Ngamia wetu walikuwa upande wa Merti, karibu na mto, na mchungaji aliyewachunga akatuma habari kwamba anaondoka kwenda kwao. Baba alipiga hesabu siku kadhaa. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ngamia hawasubiri mtu amalize shule. Guyo alikuwa mkubwa wetu na wa kiume peke yake. Mama hakubisha. Alikaanga nyirinyiri, ile nyama ya safari, siku nzima, akaijaza kwenye mkebe, akaifunika kwa samli, na kila alipofuta macho alisema ni moshi. Tuliambiwa ni mpaka mvua inyeshe tu, kisha arudi afanye mtihani.

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori la Merti. Lilikuwa limepakiwa unga na sukari na watu wameshapanda juu. Guyo akatoa komiki zote mbili kwenye mfuko wa plastiki. Nilidhani atachukua ile nzuri, ilikuwa haki yake, kwani aliipigania. Akanipa mimi. "Wewe uko na soko huku," akaniambia. "Mimi huyu wa nundu mbili atanitosha. Huko hakuna mtu wa kunicheka." Nikamuuliza ni nani atakayesoma sauti za wanawake. Akasema atamtafuta ngamia mwenye sauti nyembamba. Nikacheka, halafu lori likawaka, na nikalia mpaka Kiwanjani.

Nilikuwa na miaka kumi na hofu moja tu. Si simba, si wezi wa mifugo, hayo waliyaogopa wakubwa. Niliogopa Guyo atasahau kusoma. Nilikuwa nimewaona watu hivyo, wale ndugu wakubwa wa jirani waliotoka shule wakaenda na mifugo, wakirudi mjini wanauliza kibao kinasema nini. Kila siku kwenye swala niliomba mvua, na baada ya mvua niliomba Guyo asisahau.

Mvua ilikuja. Guyo hakuja. Kwanza ngamia walikuwa wanazaa, halafu mguu wa Baba ukaanza kumsumbua, halafu ikawa ni kawaida na watu wakaacha kutaja mtihani. Kapteni Vumbi naye akaisha, wale wa Nairobi walichapa matoleo machache tu wakaacha, na Mama Kendi akahamia Meru. Mimi nikaenda sekondari, nikaenda chuo, na ada yangu ilitoka kwenye maziwa na madume ya ngamia wa Guyo. Nasema wazi ili asije mtu akanisifu bure.

Tulipopata simu sote, Guyo alinitumia sauti. Kila mara sauti tu. "Tala, salaam aleikum, mvua imenyesha, mtoto ameota meno, umekula?" Mimi nikiandika, yeye anajibu kwa sauti. Nilipomuuliza kwa nini haandiki, alisema vidole vyake ni vikubwa kuliko hiyo simu. Sikukuu akija mjini, Mama akimpa karatasi ya dawa amsomee, anaisukuma kwangu. "Soma wewe, wewe ndiye mwalimu." Siku ya mahafali yangu nilimpa ratiba ya sherehe, akaikunja vizuri akaitia mfukoni bila kuitupia jicho. Mimi nikavaa joho nikapigiwa vigelegele na moyoni kunawaka moto. Aliyenifundisha kusoma! Mimi nafundisha watoto wa watu, na yeye aliyenipiga kisogoni mpaka nikajua, ndiye amekosa. Na sikuthubutu kumuuliza. Utamuulizaje mwanamume mwenye mke na watoto na kundi la ngamia kama anajua kusoma? Ningekuwa nimemvua nguo sokoni.

Basi, juzi juzi hapa nikamwona Kapteni Vumbi kwenye simu. Nilikuwa nasahihisha vitabu, napitisha kidole tu kwenye picha, na ghafla jalada jekundu hilo. Lakini lilikuwa ndani ya plastiki ngumu kama ya kioo, na juu kumebandikwa namba, tisa nukta nane. Aliyeiweka alikuwa kijana wa Nairobi anayenunua na kuuza komiki, na chini ya picha watu walikuwa wanatajiana bei ambayo kwa hesabu zetu ni mtamba wa ngamia, na si mtamba mwembamba.

Nikamwandikia hapo hapo. Kijana ana adabu, alinieleza kila kitu. Kwamba komiki hutumwa ng'ambo kwa wapimaji, wakaangalia mgongo, pini, pembe, weupe wa karatasi, wakatoa alama, wakaifunga ndani ya plastiki isifunguliwe tena. Nikacheka peke yangu. Mgongo, pini, pembe! Hao watu wametuiga, na bado hawajajua kunusa. Akanieleza kwamba chapa ya kwanza ndiyo mali, ile ya nundu mbili, kwa sababu nyingi zilipotea na kosa lile ndilo linaloitambulisha. Chapa ya pili, iliyosahihishwa, ziko tele. Nikamuuliza, iliyo safi kabisa, mtamba, haijakunjwa? Akasema labda soda.

Soda. Nilikwenda kwenye sanduku la nguo za Idi nikaitoa ile ya kwangu. Ilikuwa safi mashallah, unaweza kuipeleka ng'ambo bila aibu, na bei yake ni soda. Na mji mzima ulikula njugu zilizofungwa ndani ya bei ya kundi la ngamia! Nikawaza Mama Kendi akisikia huko Meru atazirai.

Na nikawaza Guyo. Nikamtumia sauti, maana ndiyo lugha yetu. Kile kitabu cha nundu mbili, bado unacho? Jibu likaja jioni alipofika penye mtandao. "Kipo. Kiko kwa sanduku la dawa ya ngamia. Kwani Kapteni amekufa?" Nikamweleza bei. Likaja jibu la kicheko kirefu, na nyuma yake ngamia wanalia. Akasema anakuja na mbuzi wa kuuza, atakibeba.

Alifika kwangu Kiwanjani siku ya Jumapili, amepauka kwa safari, ananukia moshi na maziwa, akaketi kwenye stuli jikoni kwa sababu hapendi viti vyangu vya kuzama. Akafungua kitambaa, akaniwekea komiki juu ya meza. Masikini! Mgongo ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa ngozi. Jalada limekuwa rangi ya chai. Nikajua papo hapo tisa nukta nane hatuioni, lakini moyoni nikasema hata iliyochoka ya chapa ya kwanza ina bei yake. Nikafungua.

Radi alikuwa na nundu moja.

Nikafungua ukurasa mwingine, nundu moja. Nikadhani nimechanganyikiwa, pengine ndiyo ile nyingine. Nikaisogeza dirishani ndipo nikaona. Ile nundu ya nyuma ilikuwa imechorwa juu kwa kalamu, kila ukurasa, kwa subira ya ajabu, ikageuzwa mzigo. Mikeka ya nyumba imekunjwa, kamba zimezunguka, birika inaning'inia, na gorfa, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, imefungwa upande wake kama mama zetu wanavyofunga. Kwenye ukurasa mmoja juu ya mzigo ameketi mtoto.

"Guyo! Umefanya nini?"

"Ni watoto wa kambi ya ngamia," akasema, kana kwamba nimemuuliza kuhusu hali ya hewa. "Jioni wakikusanyika niwape hadithi, walikataa kusikiliza. Waliniambia huyu mnyama ni wa uongo, basi na hadithi yako ni ya uongo. Ningefanya nini? Nikampakia mzigo."

Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kucheka. Mtu mwingine yeyote duniani angemwacha yule ngamia alivyo na leo angekuwa tajiri. Lakini ni mtoto wa broka wa Isiolo, hangevumilia. Na hata hapo, naapa, akili yangu haikuwa kwenye bei peke yake. Nilikuwa najiuliza kama aliwasomea au aliwasimulia tu. Ile komiki tuliijua kwa moyo kabla hajapanda lori. Mtu anaweza kufungua kurasa mwaka baada ya mwaka akasema maneno yote bila kuona hata herufi moja. Nikamtazama pale kwenye stuli anapuliza chai, nikashindwa kuuliza, kama kawaida yangu.

Nikapiga picha, kurasa kadhaa, nikazituma kwa yule kijana. Halafu nikakanda unga wa chapati ili nipate kitu cha kufanya na mikono.

Simu ikalia. Ilikuwa kwenye meza karibu na Guyo, na mimi nimezama kwenye unga mpaka viwiko. Nikasema bila kufikiri, kama ungemwambia mtu yeyote, "Hebu angalia amesema nini."

Maneno yakatoka. Nilitamani niyarudishe mdomoni. Nikaanza kutafuta kitambaa cha kujifuta, nijifanye nina haraka, nimpokonye simu kabla hajaaibika mbele yangu. Guyo aliweka kikombe chini. Akaichukua simu, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu, Baba mtupu.

"Sasa mwalimu," akasema. "Nimeziangalia picha zako vizuri. Hii ni chapa ya kwanza kweli, lakini imeshonwa na imechorwa juu karibu kila ukurasa. Wapimaji hawawezi kuipa alama yoyote. Kwa hali hii, sokoni haina bei. Pole sana, najua ulikuwa na matumaini." Akasogeza kidole. "Lakini tafadhali niambie, nani alichora huo mzigo?"

Hakukwama popote. Hakukokota. Alimpa yule kijana sauti, ile sauti laini ya watu wa Nairobi, na kwenye pole sana akaishusha kama Kapteni anavyoongea na wajane. Alisoma kama anaongea.

Nikaanza kulia ndani ya unga. Si machozi ya kufuta kwa bega, nililia kwa sauti, kama siku ya lori. Guyo akashtuka, akaruka kutoka kwenye stuli. "Tala! Tala, wacha, ni pesa tu! Nitauza mbuzi. Kwani ulikuwa umeshaitumia?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Soma tena."

Akanitazama, na nikaona anaelewa, polepole, jambo ambalo nimelibeba tangu darasa la nne. Hakukasirika. Akaketi tena. "Ndiyo maana ulikuwa unaniangalia kila nikipewa karatasi?" akauliza. Akatikisa kichwa akitabasamu. "Mimi nilikuwa nakusukumia nikusikie wewe ukisoma. Ulikuwa unakokota kama punda. Sasa unasoma vizuri mpaka mtu anasahau chai yake." Halafu akasoma ujumbe tena kutoka mwanzo, kama nilivyotaka, na safari hii akaongeza sauti ya ngamia mwishoni.

Enzi hizi komiki hufungwa isiguswe, na watu wanaitazama namba. Sina ugomvi nao, mali ni mali, na Radi wao atabaki na nundu zake mbili milele huko ndani ya plastiki, bila upepo wala mchanga. Ila nawasikitikia kidogo hao watoto wangu wa gredi ya tatu, ambao hawatawahi kusimama nyuma ya posho mill na mkono ndani ya sweta ya mtu, roho juu, wakipigania hadithi. Nilimwomba Guyo aniachie ile ya nundu mbili kama kumbukumbu. Akakataa kabisa, akasema watoto wa kambi wako katikati ya hadithi. Basi alipokuwa anapanda lori la Merti nikampa na ile ya kwangu, safi, niliyoitunza miaka yote na nguo za Idi nisiifungue. Akapitisha kidole gumba mgongoni, akapiga mluzi. "Mtamba," akasema. Nikamwambia akifika aikunje atakavyo.